Theluji ya Kanada

Picha iliyowekwa kwenye meza ya matanga niliipiga mimi. Niliitambua nikiwa bado mlangoni, kabla sijavua viatu. Wameikuza, wameitia fremu ya rangi ya dhahabu na kuizungushia maua ya plastiki, na chini yake wametandika kitambaa cheupe kilichopigwa pasi vizuri. Faustin amesimama mbele ya kampavani nyeupe, nyuma yake kuna mlima mweupe, na theluji imemfika vifundoni. Anacheka. Mikono ameiinua kidogo, kama mtu aliyetaka kupiga makofi kisha akaghairi, na mikononi amevaa vitu vyekundu vya sufu ambavyo asiyejua ataviita glovu. Vijana wawili walikuwa wamesimama mbele yangu wakiitazama, kila mmoja na soda yake.

“Kumbe papa Espoir alifikaka Canada?” mmoja aliuliza, akimwita Faustin kwa jina la mwanawe.

“Alifika. Alikaa kule kwanza, kisha akarudia Africa.”

“Eish. Akarudi juu ya nini?”

“Baridi, bro. Si unaona neige vile iko mingi?”

Niliwapita nikaingia ndani. Ilikuwa fleti ya Umbilo, hapa Durban, inayofanana na zote nilizowahi kuishi: korido nyembamba, jiko lenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, sebule iliyoondolewa makochi ili viti vya plastiki vya kanisa vienee. Wanaume walikuwa nje, kwenye ngazi, wakizungumza habari za mpira na za foleni ya ofisi ya wakimbizi, kwa sauti ya chini ya watu wanaokumbuka kwamba kuna msiba. Wanawake walikuwa chumbani. Katika matanga ya Wakongo godoro hushushwa sakafuni, mjane huketi juu yake, na kila mwanamke anayeingia anajua umbali wake na godoro lile. Dada za marehemu hukaa juu yake, majirani hukaa kwenye mkeka, na wale ambao hakuna jina la kuwaita huenda jikoni. Mimi nilikwenda jikoni bila kuelekezwa. Nikapewa kisu na beseni la vitunguu. Sikuwa nimekuja kulia. Nilikuja kwa sababu Mama Nabintu, ambaye sasa ni mzee na hasikii vizuri, alinipigia simu akapiga kelele: “Ndeshi, ukuje. Usipokuja, bataona kama ungali na kisirani.” Kisirani ninacho. Nilikuja nacho.

Mwaka ninaoukumbuka, nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na nilikuwa nimepanga kwa huyo huyo Mama Nabintu. Sebule yake ilikuwa imegawanywa kwa mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba, na kila shuka lilikuwa na watu wake. Nilijua nani anakoroma, nani anasali kwa kunong’ona, nani anakula peke yake gizani ili asigawe. Shuka langu lilikuwa la bluu, upande wa dirisha. Kazi yangu ilikuwa kusafisha mikanda na kuchapisha picha katika duka dogo la Umbilo Road. Kamera za wakati ule zilikuwa bado za mkanda. Mashine ilitoa picha moja moja zikiwa na joto, kama mikate, na mimi nilizikagua kabla ya kuzitia kwenye bahasha. Ukifanya kazi hiyo unaujua mtaa kuliko padri. Nilichapa picha za wanaume walioweka mkono juu ya magari yasiyo yao. Nilichapa wanawake waliosimama kwenye majiko ya mabosi wao, friji ikiwa wazi nyuma yao ili vilivyomo vionekane. Nilichapa mlinzi wa maegesho aliyeazima suti akapigiwa picha katika ukumbi wa hoteli kabla hawajamfukuza. Zote zilikuwa zinakwenda nyumbani, Bukavu, Uvira, Kigoma, Lubumbashi. Hakuna aliyesema uongo. Walisimama tu karibu na kitu, na waliobaki nyumbani wakamalizia wenyewe. Niliyaona hayo kila siku na nikajiona mjuzi wa mambo ya watu.

Faustin alikuwa anaosha na kuhamisha magari katika yadi moja ya kampavani karibu na bandari, zile gari zenye kitanda na jiko ambazo watalii hukodi. Alikuja dukani kupiga picha ya kitambulisho, akanyoosha kola kabla ya kuketi na tena kabla ya kuzungumza. Kwa sababu ninatoka Moshi aliniita Tanzanie, na jina likabaki. Kufikia Pasaka alikuwa anakula kwa Mama Nabintu kila Jumapili. Mama Nabintu ndiye aliyekaa kwenye nafasi ya mama yangu hapa Durban, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. “Mwanaume mwenye kukula kwangu,” alimwambia mbele ya watu, akimwongezea ugali wao wa fufu, “siku moja iko kitu atasema.” Faustin alicheka, akasema baridi ikiisha atasema. Maana yake ilikuwa kujitambulisha. Wajomba wa watu hawa wako mbali au walikufa, kwa hiyo wazee wa mtaa hukaa kwenye nafasi ya wajomba: wanakuja Jumapili, wananawishwa mikono, wanakula, ndipo wanasema walichokuja kusema. Mwanamke ambaye wazee hawajamjia ni rafiki tu. Mwaka ule nilikuwa rafiki, na nilitaka kuacha kuwa rafiki kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Jioni moja nilimsikia Mama Nabintu na jirani yake nyuma ya shuka.

“Huyu kijana, mutu anamujua kwao?”

“Anatoka Kadutu ya Bukavu.”

“Kadutu iko kubwa.”

Nilisikia vizuri, nikageukia ukutani.

Mwezi wa saba bosi wa Faustin alimtuma apeleke kampavani Underberg, chini ya milima ya Drakensberg, ambako wageni wangeichukua kesho yake mchana. Alale humo njiani akitaka. Faustin alikuja dukani akiwa amenyoosha kola. “Tanzanie, tunaenda kuona neige,” alisema. “Leta appareil.” Mwenye duka aliniazima kamera, nikatia mkanda mpya mwenyewe. Nilikua nikiiona theluji juu ya Kilimanjaro kila asubuhi isiyo na mawingu, kama mtu anavyoona paa la jirani, na sikuwahi kuigusa. Lakini nilichokifurahia zaidi kilikuwa gari lenyewe. Lilikuwa na meza inayokunjwa ikawa kitanda, kabati zenye vibanio ili sahani zisianguke, sinki la ukubwa wa bakuli, jiko la gesi, mapazia ya maua madogo. Na lilikuwa na mlango. Mlango wa mbao nyepesi, wenye kitasa, unaofungwa kwa ndani. Kabla hatujaondoka yadini niliufunga, nikaufungua, nikaufunga tena. Faustin aliniona kwenye kioo.

“Unatafuta nini?”

“Hakuna. Ninasikiliza tu.”

Tuliondoka Durban kwa jua la kuvaa shati. Tulipopanda kilima baada ya Pietermaritzburg ukungu ukatumeza, malori yakawa sauti tu. Tulipoiacha barabara kuu kulikuwa na manyunyu, halafu jua, halafu upepo uliolisukuma gari ubavuni mpaka vijiko vikalia ndani ya kabati. Faustin aliendesha akiwa ameinamia usukani.

“Miye niko mutu ya milima,” alisema. “Bukavu ni milima mitupu.”

“Milima yenu haina theluji.”

“Yenu iko nayo, mais mulikuwa munaiangalia tu kama sinema.”

Alimwuliza kila mtu theluji iko wapi. Mwuza mafuta wa Bulwer, aliyejifunika uso kwa kofia ya sufu mpaka tukaona macho tu, alitujibu kwa Kiingereza chenye Kizulu ndani kwamba theluji ni kama polisi, ukiiita haiji. Nilicheka. Faustin hakucheka. Tulipofika Underberg jua lilikuwa linawaka juu ya nyasi kavu za rangi ya simba, na weupe ulikuwa mbali, juu kabisa, kama chokaa iliyomwagwa ukingoni mwa ukuta. Akapita mji bila kusimama. Akafuata barabara ya Sani mpaka kwenye kizuizi, ambapo polisi alimwambia kwa upole kwamba kutoka hapo ni magari ya kupanda mlima tu, na pasipoti, kwa kuwa kule juu ni Lesotho. Faustin alikuwa na karatasi ya mwomba hifadhi, na mwenye karatasi ile hatoki nchini, akitoka, amejifukuza. Alishuka, akasimama mbele ya kizuizi akiitazama ile theluji kwa muda mrefu.

“Unaona,” alisema. “Hata neige iko na mupaka.”

Aliporudi ndani aliubamiza mlango kwa nguvu iliyozidi jambo lenyewe. Niliiona nguvu ile. Nikaipa maelezo niliyoyapenda: kwamba anaumia kwa sababu aliniahidi mimi.

Tuliegesha kwenye shamba moja nje ya Himeville, mahali watalii huweka mahema wakati wa joto. Wingu lilishuka kabla ya jua kuzama na mvua ikaanza. Nilipika fufu kwenye lile jiko dogo la gesi, sufuria nikaibana kwa miguu nikisonga, na nikapasha sombe, kisamvu chao chenye dagaa wa ndakala, tuliyotoka nayo nyumbani. Vioo vilijaa mvuke. Gari zima likanuka sombe, na nikafikiri kwamba watalii watakaolichukua kesho watashangaa. Tulikula tukiwa tumekaa magoti yakigusana, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Nilimwambia kwamba Mama Nabintu ameshachagua kitenge cha siku ya wazee, cha kijani chenye ndege. Aliendelea kutafuna. “Tukirudi nitaongea na bazee,” alisema hatimaye, na akainua kidole, akitega sikio. Ile mvua iliyokuwa ikipiga bati haikukatika. Iliacha kusikika. “Imegeuka,” akasema. Sijawahi kuona furaha kama ile usoni mwa mtu, na ilikuja baada ya kusema habari za wazee, kwa hiyo nikaviunganisha vitu viwili visivyohusiana. Nimekaa na jioni ile miaka mingi kuliko ilivyostahili. Wanawake wengine wana nyumba. Mimi nilikuwa na jioni moja ndani ya gari la kukodisha, na kwa muda mrefu niliihesabu kuwa nyumba.

Asubuhi nilifungua mlango na dunia ilikuwa imefutwa. Nilichota theluji kwa kiganja, nikainusa. Haikuwa na harufu yoyote, ila ile ya ndani ya friji tupu. Faustin alikuwa nje tayari, hajanywa hata chai, amevaa koti la ngozi ambalo sikuwahi kuliona na ambalo nilijua si lake. Alikuwa ameshafanya kazi. Namba ya gari alikuwa ameifukia kwa theluji, akaipapasa ikawa laini, ionekane imeanguka yenyewe. Kibao cha shamba chenye jina la Kizulu alinionyesha kwa kidevu: “Ile isiingie.” Alisimama upande wa pili wa gari, si upande wa dereva, akasema, “Usukani isionekane.” Mchungaji wa ng’ombe aliyejitanda blanketi la Kisotho akatokea nyuma yetu na mbwa wake, akatusalimia, na Faustin akanishika mkono.

“Ngoja huyu apite.”

“Atapendeza kwenye picha.”

“Ngoja apite, Tanzanie.”

Nilingoja. Kuna siku nakaa nikiyapanga mambo yale kama shahidi mahakamani: namba, kibao, usukani, mchungaji. Bukavu usukani huwa kushoto, na huko alikotaka waamini yuko pia ni kushoto. Huku ni kulia. Niliyaona yote. Nilikuwa nayaona kila siku kazini, kwa picha za wengine, na macho yangu yalikuwa hodari kwa wengine tu. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kwa baridi. Nilikuwa nimevaa soksi mbili mbili. Nikavua zile nyekundu za juu, za sufu, nikamvika mikononi moja moja kama mtoto. Akaziangalia, akapenda. Nikarudi nyuma, nikaweka jicho kwenye kamera.

“Ngoja,” alisema. “Ngoja kwanza nicheke kama mutu ya kushiba.”

Akacheka, nikabonyeza. Nilipiga nyingine nyingi, amekaa kwenye ngazi ya gari, ameshika donge la theluji, anatazama mbali. Kisha nikampa kamera, nikajipanga mahali alipokuwa amesimama, kwenye nyayo zake. Aliinua kamera, akaishusha.

“Filme imeisha.”

Kamera ile mkanda ukiisha hujirudisha wenyewe, na hulia kama mashine ya kushona. Haikuwa imelia. Mimi ndiye niliyetia mkanda, mimi ndiye niliyekuwa nikifanya kazi na mikanda kutwa, na nilisimama pale kwenye nyayo za mtu nikisubiri mlio. Halafu nikasema basi, siku nyingine. Jua lilitoka kabla hatujafika lami. Theluji ikaanza kudondoka kutoka kwenye miti, barabara ikawa tope jekundu, na kibao cha namba kikajifunua taratibu, herufi baada ya herufi, ND ya Durban kama kawaida. Tuliliacha gari Underberg tukapanda taksi. Njiani tulipitwa na watu wa Durban waliotengeneza vinyago vya theluji juu ya boneti za magari yao, na kofia na karoti, wanavyofanya kila theluji ikianguka, wakikimbia kuwapelekea walioko pwani. Tulipokaribia Pietermaritzburg vinyago vilikuwa vimebaki maji na karoti.

“Bajinga,” alisema Faustin. “Neige haifikake.”

Koti lilikuwa magotini mwake na soksi zangu ndani ya mfuko wake. Baada ya siku chache aliniambia mkanda, ambao alibaki nao yeye, umeungua, mwanga uliingia alipoutoa. Nilisema aulete niujaribu, mara nyingine huwa kinapona kitu. Akasema ameutupa.

Majira ya joto yalipoanza, Mama Nabintu alipokea mgeni kutoka Bukavu, Mama Riziki, mwanamke mnene, mcheshi, aliyesafiri kwa mabasi na miguu, na katika mzigo wake wote alikuwa amehifadhi picha moja tu isiyoloa. Aliniletea dukani nimtengenezee nakala kubwa. Ilikuwa picha ya sebule ya Bukavu. Yeye mwenyewe yuko kwenye kochi, pembeni yake mwanamke mwembamba wa rika langu, na watoto wawili wamekaa chini. Wale watoto walikuwa wamevaa glovu nyekundu, katika nchi ambayo hakuna haja ya glovu. Ukutani juu ya vichwa vyao kulikuwa na picha nyingine ndani ya fremu. Niliiweka chini ya lenzi ya kukagulia, na nikamwona Faustin, ukubwa wa ukucha, amesimama kwenye theluji anacheka.

“Hawa ni nani, mama?”

“Ah! Huyu ni Mapendo, jirani yangu ya kule. Bwana yake iko Canada. Mwanaume muzuri, anawatumia photo. Angalia, motokari yake ni nyumba muzima!”

Nilimtengenezea nakala. Niliikuza vizuri, nikarekebisha rangi ya kochi. Sikumwambia Faustin kitu, nikangoja aseme kwamba habari za wazee zimekufa. Hakusema. Hilo ndilo lililonivunja: aliendelea na mipango. Alitaja Jumapili, alitaja wazee watakaokuja, akauliza kama kitenge kimeshonwa. Angekuwa na mke wa Bukavu na mke wa Umbilo, na katikati bahari yote ya uongo ambayo ingembidi mtu mwingine kuivuka. Basi nikapika. Nilipika kuku, ndizi, wali, sombe, nikamwomba Mama Riziki, aliyekuwa amehamia kwa jamaa zake kabla hajakutana na Faustin, aje kunisaidia. Wazee walikuja watatu, wamevaa suti, wakaketi, Faustin katikati yao amenyoosha kola. Kwa desturi, mwanamke wa nyumba hupita na jagi na beseni kuwanawisha wageni. Nilimpa Mama Riziki jagi.

Alianza kwa mkubwa. Alipiga goti, akamimina, akapokea aksanti yake. Akaenda kwa wa pili, kwa wa tatu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya shuka la bluu. Alifika kwa Faustin, akamimina, na maji yakaendelea kumwagika mpaka yakavuka beseni.

“Papa Espoir?” alisema. “Weye si uko Canada?”

Hakuna aliyecheka. Mikono ya Faustin ilibaki imenyooshwa, imelowa, na hakuna aliyempa taulo. Nilisikia mzee mkubwa akikohoa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa aibu yake, kwa Mama Nabintu kumtoa nje kwa mwiko. Mzee akasema kwa sauti ya mtu anayefungua sala: “Tumekuya kukula. Tukule kwanza.” Na wakala. Walikula kuku wangu wakashiba, na Mama Nabintu aliwaongezea kwa sababu mgeni ni mgeni. Baada ya kula walimwita Mama Riziki, wakamweka katikati, na wakazungumza naye kwa heshima kubwa. Walimwambia mtoto wa mtu akianguka ugenini hafunuliwi nguo. Walimwambia kule Bukavu kuna mama yake Faustin, mzee, ambaye Kanada ndiyo dawa yake. Mama Riziki alitazama sakafu, akakubali kwamba hajaona kitu. Kila mmoja katika sebule ile alikubali, na nilijua sababu, kwa kuwa kila mmoja nilikuwa nimemchapishia picha: huyu na gari la bosi, huyu na friji, huyu na joho la kukodi. Kumfunua Faustin kungekuwa kuanza kufunua. Kisha mzee akaniita kutoka nyuma ya shuka.

“Binti yetu,” alisema, “weye uko na roho kubwa. Haya mambo hayakutokea.”

Hayakutokea. Sikutambulishwa, kwa hiyo sikuachwa. Hapakuwa na kitu cha kurudisha wala mtu wa kushitakiwa. Kanada iliokolewa Jumapili ile, mezani kwangu, kwa sahani zangu, na mimi ndiye niliyetolewa. Mama Nabintu alilia kwa ajili yangu jikoni, lakini hakuniunga mkono sebuleni, na mpaka leo hajui kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Nilihama kabla ya Krismasi, nikaenda kukaa Chatsworth, mbali na lugha yangu mwenyewe. Nilisikia miaka kadhaa baadaye kwamba Faustin amepata karatasi za kudumu na Mapendo amekuja na watoto. Watu walisema Kanada ilimkataa kwa ajili ya afya. Hata waliokuwa wamekaa kwenye meza ile walisema hivyo, na nadhani walikuwa wameshaamini.

Nilikuwa nimemaliza vitunguu msichana mmoja alipokuja akaniambia ninaitwa ndani. Nilinawa, lakini harufu haikutoka. Chumbani wanawake walisogea. Mapendo alikuwa kwenye godoro, amejifunga kitenge cheusi kichwani, mwembamba bado kama kwenye ile sebule ya Bukavu. Nilipotaka kuketi kwenye mkeka aligonga godoro kwa kiganja.

“Ikala hapa.”

Nikaketi. Wanawake wengine walianza kuzungumza wao kwa wao, kwa sauti ya kutusaidia.

“Weye ndiye ulipiga ile photo,” alisema.

“Ndiyo.”

“Nilijua siku mingi. Mama Riziki alinielezaka mbele ya kufa. Nilikuwa nangoja ukuje mwenyewe.” Alikuwa akikunjakunja ncha ya kitenge. “Kule niliitundikaka kwa ukuta. Batoto balilia banataka gants kama za papa, nikabafumia. Kisha tukakuya huku, nikakaa na ye miaka yote, na nikangoja ile kicheko. Hakuwa mutu ya kucheka. Nilisema labda ni maisha. Mais kwa photo anacheka, meno yote. Nikasema basi, iko mutu alikuwa anachekewa, ni ule mwenye kushika appareil.” Aliniangalia. “Sikukasirikii, dada. Nataka tu kujua. Alikuwa anakuchekea weye?”

Ningeweza kuuchukua ule mcheko. Hakuna aliye hai ambaye angenibishia, na kwa jinsi nilivyotendewa katika nyumba za watu hawa, kilikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha kupewa.

“Hapana, Mama Espoir,” nikasema. “Aliniambia ningoje, acheke kwanza kama mutu ya kushiba. Kisha akacheka. Alikuwa anawachekea ninyi.”

Aliiacha ncha ya kitenge. Nje, kwenye ngazi, wanaume walikuwa wamefika kwenye penalti ya jana.

“Mutu ya kushiba,” alisema. “Na asubuhi ile mulikuwa mumekula nini?”

“Hatukuwa tumekula. Alikuwa na haraka ya theluji.”

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia ambayo hataipita tena. Kisha akaniuliza zile gants, glovu nyekundu, zilikwenda wapi, kwa sababu alipokuja Durban alizitafuta katika mizigo yote ya Faustin asizione. Nilimwambia sijui, na hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba zilikuwa soksi.